Hewa Isiyo na Harufu

Habari ninayotaka kuwaeleza ni ya aibu kwangu, lakini yaweza kumfaa mtu mwingine.

Kwetu ni Njombe, ambako mwezi wa Juni baridi huwa kali sana. Wazazi wangu wamepanga vyumba viwili. Usiku mmoja wa likizo iliyopita mdogo wangu alikuwa akitetemeka, nami nikaingiza chumbani jiko la makaa, nikafunga mlango na dirisha. Makaa yalikuwa yamekwisha kushika vizuri, wala hapakuwa na moshi, basi nikadhani hakuna hatari. Usiku wa manane mama alikuja kututazama. Alimkuta mdogo wangu hajitambui, na mimi kichwa kinaniuma hata siwezi kusimama. Tulipelekwa hospitali tukapewa oksijeni, na kwa rehema ya Mungu sote tulipona.

Daktari alitueleza kuwa makaa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni, na aliyelala aweza kufa bila kuamka.

Mjomba wangu, ambaye amepanga nyumba mjini London, alipopata habari alitupigia simu. Alinieleza kwamba sheria ya England ya mwaka 2015, iliyoongezwa nguvu tarehe 1 Oktoba 2022, humlazimisha mwenye nyumba kuweka kengele ya moshi katika kila ghorofa inayokaliwa. Tena aweke kengele ya kaboni monoksaidi katika kila chumba kinachokaliwa chenye chombo cha kuchoma kuni, makaa, mafuta au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Siku mpangaji anapoingia, lazima ahakikishe kengele zinafanya kazi. Akiarifiwa kuwa moja imeharibika, aitengeneze au alete nyingine. Akikaidi amri ya halmashauri, aweza kutozwa hadi pauni 5,000.

Nilifurahi kupata mtu wa kumlaumu. Nikasema, "Basi, mjomba, kosa ni la mwenye nyumba wetu."

Akajibu, "Jiko ulilibeba wewe, mpwa wangu. Hata sheria hiyo yataja vyombo vilivyofungwa nyumbani, si jiko la kubebwa kwa mkono."

Nilinyamaza. Baadaye nilifikiri kwa nini sheria imempa mwenye nyumba wajibu huo. Nadhani ni kwa sababu aliyelala hawezi kujikinga na kitu asichokiona wala kukinusa. Lazima mwingine amlinde kabla hajalala. Usiku ule mdogo wangu alikuwa amelala, na mimi ndiye niliyekuwa macho. Wajibu ulikuwa wangu.

Basi ninyi mtakaorudi kwenye baridi likizo ijayo, ongezeni blanketi, na jiko lilaleni nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi yasiwadanganye kama yalivyonidanganya mimi.