Mtwara na Mikindani: Pambo la Nyumba Lisimlize Jirani

Mama anaposikia habari za kupamba nyumba, mara nyingi huwaza fedha kwanza. Huwaza seti ya makochi, kabati la vioo, mapazia mazito na zulia la kutoka ng'ambo. Mijini wapo hata wataalamu wanaolipwa waje nyumbani kwa mtu kumwonyesha kochi likae wapi na ukuta upakwe rangi gani. Kazi yao ni njema. Lakini mtaalamu kama huyo naye hufunzwa na mahali alipokulia: nyumba ya bibi yake, ufundi wa kwao, mwanga na upepo wa kwao.

Mwezi huu twende pamoja, msomaji mpendwa, hadi kusini kabisa mwa Tanzania. Twende Mtwara, na pwani yake inayoishia mahali mto Ruvuma unapoingia baharini, mpakani na Msumbiji. Huko wapambaji wa nyumba wamekuwako tangu zamani, ingawa hakuna aliyewaita kwa jina hilo.

Mji wenye nafasi

Mgeni wa Mtwara hushangazwa kwanza na upana wa mji. Barabara ni pana na nyumba nyingi zimeachana. Sababu yake ni karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Mtwara ikachaguliwa iwe bandari ya kusafirisha mavuno ya kusini. Ikajengwa bandari ya kina kirefu, reli ikaelekezwa Nachingwea, na mji ukapimwa kwa matumaini makubwa. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa kwa hasara, na baadaye reli yenyewe iking'olewa. Nafasi ndiyo iliyobaki.

Akina mama wa Mtwara wanaijua thamani ya nafasi hiyo. Sebule yao ya mchana iko nje, chini ya mwembe. Jamvi likishatandikwa, hapo hapo mchele huchambuliwa, mtoto husukwa nywele, na mgeni hukaribishwa. Ndani ya nyumba hakuna haja ya kusongamanisha viti kumi. Hilo ni somo la kwanza: kabla ya kununua kitu, tazama familia yako hukaa wapi hasa, kisha upambe pale.

Somo la pili tulilipata Majengo, katika kanisa la Mtakatifu Paulo. Kwa nje ni jengo la kawaida tu. Ndani, ukuta wa mbele na zile za pembeni zimejaa picha za habari za Biblia, kwa rangi zilizokolea. Zilichorwa katika miaka ya 1970 na Polycarp Uehlein, padre Mbenediktini kutoka Ujerumani, ambaye alichora pia katika makanisa mengine ya kusini. Picha zile zinafundisha. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuifuata habari yote kwa macho. Tukitoka mle tulijiuliza: kuta za nyumba zetu zinawaambia nini watoto wetu? Picha ya babu na bibi, au kazi ya mikono ya mama, humfundisha mtoto alikotoka kuliko kalenda tano za matangazo zilizobandikwa ukuta mmoja.

Milango ya Mikindani

Kilometa kama kumi kutoka Mtwara mjini uko mji mkongwe wa Mikindani, kando ya ghuba iliyotulia kama bakuli la maji. Majahazi yalifika hapa kwa karne nyingi, yakichukua pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, watumwa. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara.

Ndani ya mji mkongwe njia ni nyembamba na kuta za mawe ni nene. Zipo nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, na zipo zilizobomoka, mti umeota katikati ya chumba. Milango iliyochongwa inaonyesha kwamba Mwafrika, Mwarabu na Mhindi walikutana hapa. Mwenye nyumba wa zamani aliweka fahari yake mlangoni, mahali ambapo hata mpita njia angeiona. Ndani vitu vilikuwa vichache.

Vyumba vya nyumba hizo za kale ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka nafasi pana, hivyo urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba. Fundi hakushindana na mti. Ukutani aliacha vidaka vya kuwekea taa na vyombo, na nje akajenga baraza la kukalia wageni. Ukuta mnene ulizuia joto la mchana. Leo wengi wetu tunajenga ukuta mwembamba na madirisha madogo, tunaezeka mabati bila dari, kisha tunatafuta fedha za feni.

Juu kidogo ya mji liko Boma, jengo jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Baada ya kutumika kama ofisi za serikali liliachwa likachakaa. Katika miaka ya mwisho ya 1990, shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilianza kulikarabati likawa hoteli, na vijana wa Mikindani wakafundishwa kazi humo. Kumbe jengo la kale likitunzwa linaweza kulisha familia za leo.

Mikono ya akina mama na ya wachongaji

Tukifuata pwani kuelekea Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma, tulikuta kazi za akina mama. Majani ya ukindu au miyaa hukaushwa, huchanwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili mrefu. Ukili huo hushonwa upande kwa upande mpaka ukawa mkeka. Kazi hii hufanywa katikati ya kazi nyingine, chungu kikiwa jikoni. Bibi mmoja tuliyemwamkia shikamoo alituitikia marahaba bila kusimamisha vidole vyake, akatuambia, "Kaeni, wanangu. Mkeka haukataliwi." Tulikaa, na hakika hakuna kochi lililopokea wageni wengi kwa mara moja kama mkeka ule.

Kutoka uwanda wa juu wa Makonde, na ng'ambo ya Ruvuma, umekuja ufundi mwingine. Wamakonde walichonga tangu zamani vigoda, vikopo vyenye vifuniko na vinyago. Wachongaji wengi walivuka mto kutoka Msumbiji na kuendeleza kazi ya mpingo Tanzania. Kinyago chao kinachojulikana sana ni kile cha ujamaa: watu wengi wamebebana katika gogo moja, wazee chini, watoto juu. Kimoja tu sebuleni kinatosha. Nacho kinasema habari ya familia kuliko maua mengi ya plastiki.

Weupe unatoka wapi?

Sasa tufike kwenye jambo lililotugusa zaidi. Nyumba nyeupe ya pwani inapendeza machoni. Lakini chokaa ya weupe ule, katika ghuba ya Mikindani na pwani nyingi za Tanzania, kwa miaka mingi imetokana na matumbawe yaliyong'olewa baharini. Mawe hayo hubomolewa kwa mitaimbo maji yakipwa, hupangwa juu ya rundo la magogo, na kuchomwa mpaka yawe unga.

Tumbawe linafanana na jiwe, kumbe ni kazi ya viumbe hai. Jiwe kubwa la matumbawe hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Lile linalofika magotini huenda lina miaka hamsini, na kuliteketeza ni kazi ya usiku mmoja. Humo ndimo samaki hujificha na kuzaa, na ndimo pweza hukaa. Akina mama wa pwani hii huenda kwa miguu maji yakipwa kutafuta pweza na chaza kwa ajili ya kitoweo na ada za shule. Basi ukuta wa mama mmoja unapong'aa, huenda chungu cha mama mwingine kimekuwa kitupu.

Mwaka 2000 eneo la ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, na humo matumbawe na mikoko hulindwa. Tena tangu 2015 kiwanda cha Dangote kinatengeneza saruji Msijute, mkoani humo humo, kwa mawe ya chokaa ya nchi kavu. Kwa hiyo haja ya kuivunja bahari imepungua. Hata hivyo hatumlaumu mchoma chokaa, ambaye naye ana watoto wanaosubiri kula. Sisi wanunuzi tunaweza kuuliza swali moja tu dukani: chokaa hii imetoka wapi?

Mambo ya kuanza nayo nyumbani

Kwanza, tazama upepo. Pwani kusi na kaskazi hupishana, na mahali pengine pana upepo wake. Usiuzibe kwa kabati.

Pili, ondoa kabla ya kuongeza. Toa vitu vitatu sebuleni kwa wiki moja, uone kama kuna anayeviulizia.

Tatu, chagua kitu kimoja cha fahari: mlango, mkeka wa rangi, au kinyago. Vingine vyote vimpishe.

Nne, nunua kwa aliyekitengeneza, mkikubaliana bei ya haki. Usimkate mwenzako bei ya siku nne za kusuka.

Tano, zungumza na mumeo kabla ya kukopa kwa ajili ya mapambo. Kochi la deni halikaliki kwa raha.

Pwani ya Ruvuma haikutuonyesha nyumba za kifahari. Ilituonyesha nyumba zilizojua watu wake, joto lake na majirani zake. Mama mpendwa, unapopamba yako mwaka huu, jiulize maswali mawili: nani ataburudika humu, na nani amegharimika? Ukipata majibu mema kwa yote mawili, nyumba yako imekwisha pendeza.