Mdomo Wazi, Lakini Kimya

Kama umewahi kuumwa jino wiki ya UE, utanielewa. Gego langu la chini lilianza Jumanne usiku, bumu halijatoka, na foleni ya hospitali naijua. Asubuhi nikaenda kliniki ya meno ya mtaani karibu na chuo. Jina silitaji. Wengi wetu huikimbilia kwa sababu bei yake inaendana na mifuko yetu.

Ukutani kulikuwa na cheti cha usajili ndani ya fremu. Nilipokiona, moyo ukatulia. Daktari alikuwa mpole, mkono wake mwepesi, na sindano ya ganzi aliifungua mbele yangu. Jino likazibwa. Nikarudi hosteli nikimsifu kwa kila mtu, hadi rumeti wangu naye akaenda kung'olewa jino lake wiki iliyofuata.

Baada ya mwezi hivi, kipande cha kizibo kikadondoka, nikarudi. Siku hiyo watu walikuwa wengi. Aliyenitangulia alitoka akiwa ameng'ata pamba yenye damu. Nikiwa nimeshalala kwenye kiti, nikamwona msaidizi anachukua kioo na vile vyuma vya kuchokolea, anavisuuza bombani, anavitumbukiza kwenye beseni la maji yenye harufu ya jiki. Dakika mbili hazikuisha, akavitoa, akavifuta kwa kitambaa na kuvipanga kwenye trei. Trei yangu.

Niliona yote. Halafu daktari akasema, "Fungua mdomo, dada," nami nikafungua. Sikuuliza kitu.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko jino lenyewe. Mimi nasomea ualimu wa Biolojia. Nimesimama mbele ya Kidato cha Pili nikaeleza magonjwa yanayoambukizwa kwa damu. Lakini pale kwenye kiti nilijiona mtoto. Nikajiambia, huyu ni daktari, mimi nani? Nikauliza swali, si nitaonekana najifanya najua?

Siku tatu baadaye nikaenda kituo cha afya cha chuo. Nesi alinisikiliza bila kunicheka. Akanieleza kwamba virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na kwamba kuchovya kwenye jiki kwa dakika mbili hakutoshi. Vifaa vinavyoingia kwenye damu vinasuguliwa kwanza uchafu utoke, kisha vinatakaswa kwa mvuke ndani ya mashine: nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, au 134 kwa dakika zisizopungua 3. Akanipima. Sikuwa na maambukizi, ila akanitaka nirudie kipimo baada ya miezi mitatu, na akanianzishia chanjo.

Kazi ngumu ikabaki hosteli: kumwambia rumeti. Mimi ndiye niliyempeleka. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Sasa na kile cheti cha ukutani?"

Swali lake lilinirudisha TP mwaka jana. Siku ya kukaguliwa niliingia darasani na chati ya rangi, andalio la somo limenyooka, na sauti ya kistaarabu. Mwanafunzi mmoja wa mbele akaropoka, "Madam, leo tuna chati!" Mkaguzi akatabasamu, akanipa alama nzuri. Hakujua kwamba wiki mbili nzima nilifundisha kwa chaki na mdomo tu. Wale watoto walijua.

Ndivyo ilivyo na cheti. Kinaonyesha kwamba kituo kimesajiliwa, na hilo ni jambo la lazima. Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi inasajili vituo, Baraza la Madaktari Tanganyika linasajili madaktari wenyewe. Lakini mkaguzi akishaondoka, anayeona trei kila siku ni mgonjwa.

Nikarudi pale, safari hii si kwa ajili ya jino. Nilingoja wateja waishe. Sauti yangu ilitetemeka: "Samahani daktari, hivi vifaa mnavitakasaje?" Hakukasirika. Aliangalia chini. Mashine yao iliungua, fundi anataka hela nyingi, na wanafunzi tukipandishiwa bei hata kidogo tunahamia kwingine. Nilimwonea huruma, kwa sababu ni kweli, huwa tunaombaomba tupunguziwe. Lakini mtu aliyeng'ata pamba hakuambiwa kwamba mashine imeungua. Mimi pia sikuambiwa. Nilimwambia hivyo, na kwamba tunakwenda kutoa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mimi na rumeti tuliandika barua, tukaipeleka kwa mkono. Majibu bado tunayasubiri.

Kizibo nilikuja kukimalizia kwingine, kwa bei ya juu kidogo. Nikauliza tena lile swali, na mara hii halikunitetemesha sana. Daktari akachukua mfuko uliofungwa, akanionyesha alama iliyobadilika rangi kuthibitisha kwamba umepita kwenye joto, akauchana mbele yangu. "Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza," akasema. Ilichukua chini ya dakika moja.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari wa meno, uliza kabla hujafungua mdomo kwa ajili ya kioo. Omba mfuko wa vifaa ufunguliwe ukiwa unaona. Angalia kama glavu ni mpya. Uliza kwa heshima, maana huendi kugombana. Mwenye mashine nzima atafurahi kukuonyesha.

Mwezi ujao tunarudi kupima, mimi na rumeti. Tumekubaliana twende siku moja.