Kwa Nini Nataka Kusoma Mawe

Huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa shuleni, nami nina umri wa miaka 19. Kila nirudipo nyumbani Goma baba huniuliza nimechagua kazi gani. Yeye ataka niwe mwanasheria. Nilipomwambia kwamba nataka kuwa mjiolojia, yaani mtu achunguzaye ardhi na mawe yake, alicheka, akasema, "Mawe tunayo tele hapa uani. Nani atakulipa kwa kuyatazama?"

Kweli tunayo. Nyumba yetu imesimama juu ya jiwe jeusi la mlima Nyiragongo, lile lililoshuka Januari 2002 likiwa uji wa moto, likakata mji mpaka ziwani.

Lakini kilichonivuta kwanza ni mbuzi. Mama yake baba alikuwa na mbuzi watatu, magharibi ya mji, karibu na ziwa. Asubuhi moja tuliwakuta wamekufa katika kibonde, hawana hata jeraha. Majirani walianza kumnong'ona mzee mmoja kuwa ni mchawi, hata akahama. Bibi alisema neno moja tu: mazuku. Miaka ilipita ndipo mwalimu akanieleza kwamba ni hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa tuvutayo, basi hutuama mabondeni kama maji bakulini, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aweza kupita salama mahali ambapo mtoto aanguka akafa. Neno hilo la kwetu, mazuku, sasa limo katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Nilijivuna nilipoliona, kisha nikamkumbuka yule mzee. Siku ile hapakuwa na mtu wa kumtetea kwa elimu.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, mbingu iligeuka nyekundu. Tulikimbia kuelekea mpaka wa Rwanda, mama amejitwika godoro. Watu zaidi ya 30 walikufa katika msiba ule. Ndiyo maana baba huniuliza, "Hao waliosoma walituambia nini usiku ule?"

Swali lake ni zito, wala sikulijibu upesi. Nimesoma baadaye kwamba uji ule ulikuwa umekwisha kupanda karibu na kilele, basi vyombo vilionyesha dalili chini ya saa moja kabla haujapasuka. Lakini siku zilizofuata vyombo hivyo hivyo vilionyesha uji ukipita chini ya mji na chini ya ziwa, na tarehe 27 Mei watu wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama. Tulilala Sake. Baba asema tulilala bure, kwa kuwa moto haukutoka tena. Mimi nasema afadhali kulala bure.

Maana ziwa lenyewe si la kuchezewa. Ndani ya Kivu, chini kabisa, kuna kilometa za ujazo 300 hivi za kaboni dayoksaidi na 60 hivi za methani. Ziwa Nyos huko Kamerun, dogo mno kulinganisha na letu, lilifoka hewa hiyo Agosti 1986, likaua watu 1,700 hivi. Hata hivyo methani ni mali pia. Huko Karongi, Rwanda, tangu mwaka 2016 mtambo unaivuta na kutoa umeme wa megawati 26 hivi. Wenye kupima kama inavutwa bila kulisumbua ziwa ni hao hao watazama mawe.

Likizo iliyopita baba aliniuliza, kama kwa mzaha, iwapo kiwanja alichotaka kukinunua kina mazuku. Tulikwenda alfajiri, tukasimama juu ukingoni, tukateremsha taa ya mafuta kwa kamba. Ilizimika kabla haijafika chini. Tulirudi nyumbani bila kusema mengi. Kiwanja hakukinunua, lakini fomu ya sheria bado iko mezani kwake.