Kazi Iliyokatika Njiani

Chombo kikiharibika, watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja huuliza kimeharibikaje. Fungu la pili huuliza kitavunjwaje ili kianzwe upya. Fungu la pili aghalabu ndilo kubwa, maana hasira ni nyepesi kuliko uchunguzi. Jambo hili huonekana wazi kwa watumiao kompyuta za mezani zenye mfumo wa Linux, hasa siku ile msimamizi wa vifurushi anapokataa kazi.

Msimamizi wa vifurushi ni programu iliyopewa kazi ya mtunza ghala. Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, una watunzaji wawili, na Ubuntu, iliyotokea mwaka 2004, ilirithi desturi hiyo. Wa kwanza ni dpkg, ambaye hufungua kifurushi, huweka faili mahali pake, na huandika daftarini hali ya kila kifurushi. Wa pili ni APT, ambaye huenda ghalani kwa njia ya intaneti, hujua kifurushi kipi hakiwezi kuishi bila ya kipi, na humletea mwenzake vyote kwa mpango. Kazi ya dpkg ina hatua mbili: kuufungua mzigo, kisha kuutengeneza ufae kwa matumizi. Kifurushi kilichofunguliwa bila ya kutengenezwa ni kama nyumba iliyoezekwa ikakosa milango: imesimama, walakini haikaliki.

Mwanafunzi mmoja alikuwa akimalizia tasnifu juu ya nyimbo za kazi za wavuvi. Katika kompyuta yake zilikuwamo sauti za wazee wanne alizozirekodi ufukweni, na mmoja wa wazee hao alikwisha fariki dunia. Nakala ya pili ya sauti hizo hakuwa nayo; kila siku alijiahidi kuifanya kesho. Jioni moja aliiamuru kompyuta isasishe vifurushi vyake vyote, akaenda kupika chai. Maji hayajachemka, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka, lakini badala ya picha na madirisha aliyoyazoea aliona kioo cheusi kilichomtaka jina lake na neno lake la siri. Aliingia, akaamuru kazi iendelee, akajibiwa kwa maneno ya Kiingereza ambayo hakuyasoma.

Rafiki zake walimjia na dawa mbili. Mmoja alimwambia afute faili za kufuli. Wa pili alimwambia afute diski nzima na kuweka mfumo upya, kazi ya nusu saa tu. Nusu saa hiyo ingemzika yule marehemu mara ya pili.

Asubuhi alikwenda kwa mzee aliyetunza kompyuta za maktaba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Kompyuta yangu imekufa, mzee."

"Imekuambia nini kabla ya kufa?"

"Haikuniambia kitu. Imeandika maneno tu."

"Basi imekuambia. Rudi ukayanakili, uniletee."

Alirudi nyumbani akanakili herufi kwa herufi, na katika kunakili akasoma kwa mara ya kwanza. Ujumbe ulisema kwamba kazi ya dpkg ilikatizwa, na kwamba hapana budi mwenyewe atoe amri ya dpkg --configure -a. Dawa ilikuwa imeandikwa ndani ya malalamiko.

Mzee aliisoma karatasi, kisha akamweleza habari ya kufuli. Kufuli ya dpkg si faili yenyewe, bali ni mshiko wa programu iliyo hai juu ya faili ile. Programu ikifa, au umeme ukikatika, mshiko huachiwa papo hapo, ijapokuwa faili hubaki. Kwa hiyo mtu aambiwaye kwamba kufuli imeshikwa, ameambiwa kwamba yuko mwingine kazini, mara nyingi programu isasishayo mfumo kimya kimya. Adabu ni kumngoja amalize. Afutaye faili ile huwaingiza waandishi wawili katika daftari moja, kila mmoja na kalamu yake. Ama kwa mwanafunzi huyu, kufuli aliyoshauriwa kuivunja haikuwa imefungwa.

Si kila hitilafu huletwa na umeme. Diski ikijaa, mzigo hukosa pa kuwekwa. Vifurushi vikichukuliwa katika maghala yasiyopatana, kila kimoja hudai toleo lake la mwenzake, na APT hukosa la kufanya. Mwezi wa Novemba 2021 ulimwengu ulitazama mfano wa jambo hili. Linus Sebastian, mtengenezaji wa video wa Kanada, alitaka kuweka programu ya Steam katika mfumo wa Pop!_OS. Duka la programu lilikataa. Akaingia kwa njia ya amri. APT ilimwonya kwamba vifurushi vya lazima vitaondolewa, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukiri: ndiyo, fanya nisemavyo. Akaiandika, na mazingira ya madirisha yakatoweka. Kosa halikuwa lake peke yake, kwani vifurushi vya ghalani havikupatana wakati ule, na baadaye watengenezaji wa APT waliufanya mlango huo kuwa mgumu zaidi kupitika. Hata hivyo onyo lilikuwapo, nalo lilipitwa kama mbao za njiani zinavyopitwa na mwenye haraka.

Mzee alimpa mwanafunzi maagizo matatu kwa utaratibu: kwanza anakili sauti katika diski nyingine, maana fundi hagusi nyumba kabla ya kumtoa mtoto, pili atoe amri ile aliyoambiwa na kompyuta, tatu aiamuru APT itengeneze tegemezi zilizovunjika, kwa apt --fix-broken install. Mwanafunzi alifanya hivyo. Mistari ikapita juu ya kioo cheusi, kifurushi baada ya kifurushi, kila kimoja kikiendelea pale umeme ulipokiacha. Alipoizima kompyuta na kuiwasha tena, madirisha yalirudi.

Hakuifungua tasnifu kwanza. Aliifungua sauti ya marehemu, akaisikiliza mpaka mwisho wake. Kesho yake aliipeleka nakala ya pili maktabani, na karatasi ile ya maneno aliyonakili akaibandika ukutani juu ya meza yake, ili siku nyingine asome kabla ya kutenda.