Usimwulize Mtoto, Uliza Mguu

Iwapo likizo hii umepanga kuwapeleka watoto Kisii au Nyamira, raba nyeupe ziache nyumbani. Huko hakuna mwezi usioonja mvua, na udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Aendaye shambani huvaa gambuti.

Je, utazipata wapi? Shuka mjini Kisii siku ya Jumatatu au Alhamisi, ufuate umati hadi soko la Daraja Mbili. Utapita mikungu ya ndizi, magunia ya wimbi na mafungu ya mboga za chinsaga. Usistaajabu ukimsikia mtoto akimwita mamake "baba". Kwa Ekegusii ndivyo mama anavyoitwa, naye baba ni "tata". Ukifika penye viatu, tulia. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Nami nilikosea. Mwaka mmoja nilimnunulia mwanangu gambuti katika soko moja la huko. Zilikuwa zimebaki jozi mbili tu, na ile kubwa ilikuwa ghali zaidi. Nikamvisha ile ndogo, nikamwuliza, "Imekutosha?" Akajibu, "Ndiyo, baba." Siku ya pili tulishuka mteremko wa Manga. Alikuwa mkimya njia nzima. Jioni alipovua soksi, kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, na moja ilivuja damu. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwa sauti ya chini, "Nilikuona ukihesabu pesa."

Tangu siku hiyo sijamwuliza mtoto kama kiatu kimemtosha. Nauliza mguu wake, na nawe waweza kujifunza.

Kwanza, nunua alasiri. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na kiatu kilichokutosha asubuhi huenda kikakubana saa kumi. Pili, beba soksi nzito utakazovalia shambani. Gambuti ikijaribiwa kwa mguu mtupu hudanganya. Tatu, vaa zote mbili, kwani aghalabu mguu mmoja huushinda mwenzake kwa ukubwa. Anayepaswa kusikizwa ni ule mkubwa.

Sasa simama wima, uzito ukiwa juu ya miguu yote. Mpira wa gambuti ni laini, hivyo bonyeza ncha yake kwa kidole. Mbele ya kidole kirefu kabisa cha mguu pabaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono wako. Kisha tembea. Kisigino kikipanda kidogo si hoja, kwa kuwa gambuti haina kamba. Lakini ikitaka kubaki nyuma kila unapoinua mguu, ni kubwa mno. Mwisho, chuchumaa uone kama shingo ya gambuti inaikata ngozi nyuma ya goti.

Iwapo mtoto amebaki nyumbani, kata kijiti chenye urefu wa wayo wake, ukitumbukize ndani ya gambuti. Kikigusa mbele na nyuma, irudishe.

Wazazi wengi husema, "Nitanunua ya kukua nayo," kisha wanajaza magazeti kwenye ncha. Kwenye sakafu ya Nairobi hilo halina madhara makubwa. Mlimani, mguu huserereka mbele kila hatua ya kushuka, na vidole hugonga vilevile kama katika kiatu kidogo. Kikubwa mno na kidogo mno huumiza mahali pamoja.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kutafuta mteremko. Kisii si mji wa kukosa mteremko! Shuka hatua ishirini kwa kasi, usimame ghafla. Vidole vikigonga mbele, rudisha. Mwuzaji anayejua kazi yake hatakasirika.

Ukiisha kununua, panda matatu ya Nyamira, uendelee hadi mashamba ya chai ya Kebirigo. Huku Nyamira ndiko alikotoka Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Watazame wachumaji wa chai wakipita katikati ya mistari, kikapu mgongoni, wakipanda na kushuka tangu asubuhi. Hapo utafahamu kwamba gambuti kwao si pambo la likizo. Kidole kikiuma, kazi ya siku imeharibika.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiatu nacho ni vivyo hivyo. Mtoto wako anaweza kuficha maumivu yake kwa kukuhurumia. Basi piga magoti pale sokoni, ubonyeze ile ncha kwa kidole chako mwenyewe, na pesa uzihesabu baadaye, akiwa ametazama kando.