Kutoka Bariadi hadi Magofu ya Mbweni

Basi liliondoka Bariadi alfajiri, likapita Maswa, likatokea Mwigumbi na kushika barabara ya Shinyanga. Ulikuwa msimu wa pamba, nayo ilikuwa imerundikwa mbele ya maghala ya vyama vya ushirika (AMCOS). Kuanzia Tinde ni mwendo tu: Singida, Dodoma, Morogoro, na usiku tukaingia Dar es Salaam.

Nilikuwa na binti wa kaka yangu, mwalimu mpya. Kwetu Simiyu wasichana wengi wa sekondari bado wanatembea mwendo mrefu kwenda shule, au wanapanga chumba mtaani bila mtu mzima wa kuwaangalia. Ndiyo maana suala la mabweni haliishi kwenye vikao vya wazazi. Nilitaka aone mahali ambapo wasichana walilala shuleni tangu miaka ya 1870, na ajue walifikaje pale.

Kesho yake tulivuka kwa boti hadi Unguja. Mbweni iko pwani, kusini mwa mji, upande wa uwanja wa ndege. Zamani ilikuwa shamba, na ndani yake jumba la mawe la Mwarabu. Mwaka 1871 Askofu William Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alinunua mali ile, na miaka michache iliyofuata majengo yakaongezwa kulizunguka jumba. Ikawa Shule ya Mtakatifu Maria.

Leo mapaa hayapo. Kuta za mawe ya matumbawe zimesimama, chokaa imebanduka, mizizi imepenya kwenye nyufa. Juu ya ukuta mmoja kuna safu ya matundu yaliyoshika boriti. Nikamwonyesha: katika nyumba za mawe za Unguja, urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba.

"Shangazi, wazazi wao walikuwa wanakuja kuwaona?"

Hawakuja. Watoto wa kwanza wa shule hii walikamatwa bara, wakapakiwa majahazini kwenda kuuzwa, kisha manowari za Waingereza zikayakamata majahazi hayo baharini na kuwakabidhi watoto kwa misheni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, lakini biashara iliendelea kwa magendo, na watoto wakaendelea kuletwa. Watu wazima waliokombolewa walipewa makazi humo humo shambani. Jirani yao alikuwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyeshinikiza mkataba ule. Naye alikuwa na nyumba na bustani ya mimea Mbweni.

Mkuu wa shule kuanzia 1877 hadi 1902 alikuwa Caroline Thackeray, binamu wa mwandishi William Thackeray. Namheshimu kwa kudumu kwake: alistaafu akabaki hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1926, na kaburi lake liko kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana, karibu na magofu. Lakini kuna jambo linaloniuma. Wasichana waligawanywa. Walioonekana wepisi wa kusoma waliandaliwa kuwa walimu na wake wa wahubiri. Wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono, kushona, kupika, kusuka na kulima. Mtoto aliyetoka jahazini bila kujua hata lugha ya mwalimu wake atapimwaje kwa haki? Binti yetu alilishika swali hilo kuliko nilivyotarajia, maana mwezi ule alikuwa ametakiwa kupanga wanafunzi wake kwa mikondo kufuata alama.

Tukiwa kanisani nilimsimulia habari za Lucy Magombeani. Alilelewa na kusomeshwa Mbweni, akaolewa na Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akasoma Kiungani, shule nyingine ya misheni hiyo. Mwaka 1886 Majaliwa alitumwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Vitabu vinamtaja yeye kwa kirefu. Mkewe hupewa mstari mmoja.

"Andika habari za huyo," nikamwambia, "uwasomee wasichana wako bwenini."

Akatoa daftari, akaniomba nimtajie jina lile herufi kwa herufi.