Mafuta ya Shavu

Mjukuu wangu, bonyeza shavu lako kwa kidole, usawa wa magego ya juu. Chini ya ngozi na msuli upo mfuko wa mafuta laini, ule unaowapa watoto wachanga mashavu ya kubinywa na kila shangazi. Madaktari wanauita kwa jina la Mfaransa Bichat. Mimi niliuona kwa macho yangu Oktoba 1999, nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji Mwanza.

Mama wa mtoto tuliyempasua alikuja kwa meli kutoka Ukerewe, miaka mitatu na ushei tangu MV Bukoba izame, na alituambia hakufumba jicho njia nzima. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, kanga zake zinanukia dagaa na moshi. Kikombe cha chai pale nje ya geti kiliuzwa shilingi 50, naye hakununua hata kimoja, kwa kuwa alikuwa akihesabu nauli ya kurudia. Binti yake wa miaka sita alizaliwa na midomo mizima, ila kaakaa limepasuka katikati. Alikwisha kupasuliwa mara mbili kwingineko, nyuzi zikaachia, likabaki tundu la kupitisha ncha ya kidole changu cha mwisho. Akinywa maziwa, yanamtoka puani. Akisema, ni king'ong'o kitupu: akitaka kuita “baba” inatoka “mama”, na baba mwenyewe alishahama nyumba.

Nakumbuka chumba kile kwa harufu, spiriti kali na utamu wa dawa ya usingizi. Tatizo letu lilikuwa kovu. Nyama ya kaakaa iligeuka ngumu kama ngozi ya ngoma, ukiivuta inachanika. Daktari akachana kidogo ndani ya shavu, juu ya magego ya nyuma, akatenganisha msuli kwa mkasi butu, na mafuta yakajitokeza yenyewe, ya manjano, yanang'aa kama samli iliyoganda. Hakuyakata. Siri yote ipo hapo, mjukuu wangu: yanavutwa polepole yakiwa bado yameshikamana na shina lake, mishipa ya damu inakuja nayo, ndipo yanatandazwa juu ya tundu na kushonwa kingoni. Ukivuta kwa pupa, utando wake unapasuka na mafuta yanasambaratika. Mpasuaji mmoja, Egyedi, alikwisha kuandika tangu 1977 kwamba matundu ya mdomoni yanazibika hivyo, lakini mimi nilikuwa sijapata kuona. Nikauliza tutayafunika na nini. Daktari akajibu, “Yaache. Mwili utayafunika.”

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi Rais Mkapa akatangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Wodi nzima ilinyamaza, sufuria ya uji ikapoa pale mlangoni bila mtu kuigusa. Nililia, kisha nikachukua tochi, maana kinywa cha mtoto kilikuwa na saa yake ya kuangaliwa. Shavu lilikuwa limevimba, mafuta bado ya manjano, yamefanya utando mweupe. Mama akadhani ni usaha, nikakaa naye kitandani mpaka akaelewa kuwa sivyo. Tulimlisha binti uji mwepesi na mchuzi, tukampa maji ya kusukutua kila baada ya mlo. Siku Mwalimu alipozikwa Butiama, tarehe 23, mafuta yale yalikuwa mekundu, yamejaa damu, na hapo ndipo nilipoamini. Uvimbe uliisha na shavu halikubonyea, kwa sababu kinachovutwa ni sehemu tu ya mfuko.

Siku hizi wapo wapasuaji wanaoyatumia tangu upasuaji wa kwanza, kufunika mfupa unaobaki wazi pembeni ya kaakaa, ili kovu lisibane taya linalokua. Wanafanya vema. Laiti yule binti angeyapata mapema, maana ulimi wake ulishazoea king'ong'o, na ilibidi afundishwe kutamka upya, herufi moja moja, akipuliza unyoya kwa mdomo.

Wiki ya nne nilimulika tena. Ngozi nyororo ya waridi imefunika pote, sikuona pa kupitisha hata sindano. Mama akaenda getini, akanunua kikombe cha maziwa ya moto. Mtoto akanywa chote tukimtazama, na hakuna tone lililotoka puani.